Karata ya Kuomba

Mdogo wangu wa kike ana miaka minane na hachezi mchezo wowote kabla ya maombi. Si yeye peke yake. Huku kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa sisi Wakongo wa kanisa letu, hata mkutano wa kupanga zamu za robine, bomba letu la maji, unafunguliwa kwa maombi. Ukifunguliwa na mtu asiyejua kumaliza, maji yanakatika watu wakiwa bado wamefumba macho.

Jumamosi ninafundisha watoto. Najua, hata mama bado anacheka, maana shuleni mimi ndiye wa kutolewa nje ya darasa. Lakini mchezo wetu hauhitaji mwalimu mwenye adabu. Ni ubao wa kartoni wenye vyumba vidogo: nyumba upande mmoja, robine upande mwingine, katikati matope na mbuzi. Mtoto mmoja anapanga karata za amri: nenda mbele, geuka kushoto, tembea mpaka matope. Mwenzake ni mashini. Mashini inasogeza kizibo cha soda kama karata zinavyosema, haifikirii, haihurumii. Ukikosea karata, kizibo kinaingia kwa mbuzi na sisi tunacheka. Kompyuta ni hivyo hivyo, nawaambia. Inatii kuliko mtoto wa pasta, na haijui ulikuwa unataka nini.

Karata ya kuomba aliileta mdogo wangu. Aliandika "Omba", akaiweka mbele ya zote. Mashini ikiifikia inafumba macho, inanong'ona kidogo, inasema amina, safari inaanza. Nilimwambia kompyuta haina dini.

"Yaya, hata wewe hauna," akanijibu, maana kwetu yaya ni ndugu mkubwa, "na bado unatumwa dukani."

Nikaiacha.

Halafu tukaitwa mjini Mbarara, kwenye ukumbi mmoja wa Kamukuzi, kushindana na madarasa mengine ya mchezo huo. Zawadi ilikuwa sanduku lenye ubao wa mbao na karata zisizolowa. Ubao wetu ulikuwa umenyeshewa hadi vyumba vikafutika, na mimi kuchora mstari ulionyooka sijui. Mdogo wangu alishawaahidi wenzake wote kwamba anarudi na sanduku.

Kule anashinda anayefika robine kwa karata chache kabla mchanga wa chupa ya saa haujaisha, na kulikuwa na sharti jipya: mashini inatoka timu ya wapinzani. Tukapewa mvulana wa shule moja ya mjini, mtoto wa mwanajeshi, soksi mpaka magotini, Kiswahili cha kambi ya jeshi. Timu yake ilikuwa imeshafika robine, lakini kwa karata nyingi, imezunguka ubao mzima. Mdogo wangu akapanga zake chache. Nikaangalia njia: safi kabisa. Sanduku nililiona limeshapanda gari.

Mvulana akafunua karata ya kwanza. Akafumba macho, akaunganisha mikono, akaomba.

Akaomba. Mchanga wa chupa ya saa ukawa unashuka. Nilidhani anatania, na watani nawajua, ni kabila langu. Lakini huyu alikuwa anatoka jasho puani. Nikamnong'oneza, "Sema amina."

"Mwalimu, usiguse mashini," akasema mama mwamuzi. Mara ya kwanza mtu mzima kuniita mwalimu, na ni kwa kuninyamazisha.

Mchanga ukaisha. Kizibo chetu kilikuwa bado nyumbani.

Nikasimama. "Huyu ametuibia. Maombi gani yanazidi mahubiri?"

"Mimi natii tu," akasema mvulana. "Karata nasema omba. Haikusema mwisho. Kwetu wakisema simama, unasimama mpaka waseme basi."

Mama mwamuzi akamgeukia mdogo wangu, kwa upole kabisa. "Kosa ni la mashini, au la aliyeandika?"

Nilimtikisia kichwa mpaka shingo ikauma: sema la mashini. Watu wazima walishaanza kumwonea huruma. Chozi moja tu, tungerudia.

"Ni langu," akasema. "Kwetu kila mtu anajua amina inakuja. Sikuiandika."

Nikakaa chini. Mwaka mzima nimewaimbia tembea mpaka, ngojea mpaka, na karata ile imepita mbele ya macho yangu kila Jumamosi. Hakuna aliyeiona. Hata mimi, ninayefungua jicho moja kwenye kila maombi.

Nje, tukingoja gari, mvulana akaja na sanduku kifuani. Mdogo wangu akamwuliza, "Ulikuwa unaomba nini mingi vile?"

"Ya kwangu iliisha haraka. Nikaombea mama, walimu, ng'ombe ya babu. Halafu mashangazi, moja moja. Nilikuwa nafika ile ya Ibanda."

"Na mimi?"

Akafikiri kwa ukweli wote. "Wewe bado nilikuwa sijafika."

Mdogo wangu akalitazama sanduku, akamtazama yeye.

"Basi nifikie leo jioni," akamwambia. "Kesho kanisani ndiyo naambia benzangu hakuna sanduku."