Kitenge Kilicholewa Bandipur

Katika Kalemie nzima, mwanamuke aliyepanda mulima wa Bandipur, kule Nepal, kwa miguu yake, ni mimi tu.

Basi, gari lilinipandisha mpaka juu. Miguu yangu ilitoka kwenye gari ikaenda kwenye benchi. Lakini benchi ilikuwa juu ya mulima.

Huko njo kitenge changu kililewa, mimi nikabaki muzima.

Mutoto wangu Arlette anafanya kazi Pokhara, muji wa chini. Alipata muchumba, Willy, kijana wa kwetu Kalemie, wanafanya kazi pamoja. Bwana yangu, Papa Edmond, akaniambia:

"Enda umuangalie. Kama anakunywa, mahari yao ibaki kwao."

Alikuwa na haki. Mukwe wetu wa kwanza alikunywa mpaka mota ya mutumbwi.

Jumamosi moja Arlette akasema twende sisi watatu tutembee Bandipur, turudi jioni.

"Umeishafika huko?" nikamuuliza.

"Hata siku moja, Mama! Wanewari wa huko wanatengeneza pombe kali kama lutuku ya kwetu. Mimi na pombe wapi na wapi? Naimba korali ya kanisa."

Nikamukazia Willy macho. Akaangalia viatu vyake.

Aha.

Bandipur ni pazuri, nisiwafiche. Barabara ya mawe, magari hayaingii. Nyumba za zamani za matofali, madirisha ya mbao yamechongwa sawa vile fundi hakuwa na bibi wa kumuharakisha. Na kwa mbali, milima myeupe kabisa. Nikauliza nani ameanika unga wa muhogo kule juu. Arlette akasema ni barafu.

Sawa.

Mama muzee mumoja Munewari akatukaribisha kwake, tukaketi kwenye mukeka. Akaleta muchele uliopondwa bapa, soya nyeusi, tangawizi, na samaki wadogo wakavu.

Ndagala! Nimepanda ndege zote zile nikaribishwe na ndagala!

Kisha akasimama na birika ya shaba yenye mudomo mwembamba. Pombe yao, aila.

Sasa, kwetu muntu akikumiminia, unainua kikombe kwa mikono mbili, umupunguzie kazi. Nikainua bakuli langu kwa adabu yote.

Kumbe kwao bakuli halitoki chini! Mwenyeji anamimina toka juu kabisa, kamba nyembamba ya pombe, na shabaha ni yake. Mimi nikamuharibia shabaha. Yote ikaniingia kifuani. Kitenge chwaa!

Nikajipangusa, nikamugeukia Willy. Leo utajulikana, kijana.

Willy naye akainua bakuli kwa mikono mbili. Ikamuingia puani. Akapiga chafya mpaka machozi, masikini, kama mutoto wa ubatizo.

Kusema ukweli nilisikitika. Maneno ya kumukataa nilikuwa nimeishayapanga vizuri.

Akabaki Arlette.

Bakuli lake lilitulia kwenye mukeka. Kamba ikashuka toka juu, ikaingia yote, hata tone halikuruka. Akachovya kidole, akarusha matone hewani, akakunywa. Akajaziwa tena. Akakunywa tena. Birika iliporudi, akafunika bakuli na kiganja, bila hata kuangalia.

Willy akasahau kupiga chafya.

"Arlette."

"Niliona ku video, Mama."

Mama muzee alikuwa ameingia ndani. Akatoka na kitenge kingine kimefuliwa, kimekunjwa, akakiweka kwenye magoti ya Arlette na kumupapasa shavu, sawa vile muntu anamurudishia mutoto wa nyumba kitu alichosahau.

Pindo la uzi mwekundu. Nililishona mimi, uzi mweusi ulikuwa umeisha, nikamutumia Arlette kwa Noeli.

"Kinafanana tu," Arlette akasema.

Wamama wenzangu, mukienda kunusa mudomo wa mukwe, muanzie kwa mutoto wenu.

Nikamupigia Papa Edmond.

"Kijana anakunywa?"

"Hata kushika bakuli hajui! Waambie walete mahari haraka."

"Na Arlette yuko muzuri?"

"Arlette? Unamujua. Ni korali tu."

Nyuma yangu Arlette akaanza kuimba, sauti yote.

Papa Edmond akasikiliza.

"Mama Arlette," akasema, "hiyo si wimbo ya korali."