Nne na Saba Si Kumi na Moja

Mimi naandika polepole. Mwalimu wangu wa darasa la saba alisema nachora herufi badala ya kuziandika, na alisema kweli. Lakini ni kwa mwandiko huo nilipata kazi katika ofisi ya kampuni yetu ya kununua mashamba, hapa Eldoret. Mama yangu alikuwa mmoja wa wanachama.

Kampuni ilikuwa imenunua shamba la mzungu upande wa Ainabkoi. Lilikatwa bloku, na ndani ya kila bloku ploti zikahesabiwa upya kuanzia moja. Siku ya kura kila mwanachama alitia mkono katika kofia mbili, ya kwanza ya bloku, ya pili ya ploti. Mama alitoa nne, kisha saba. Ilikuwa ploti ya bondeni, inayogusa kijito. Mama alikuwa amelima mashamba ya watu wengine maisha yake yote. Alikaa chini palepale kwenye nyasi.

Kazi yangu ilikuwa kunakili majina na namba zote. Kisha akaja kijana aliyerudi kutoka ng'ambo na kompyuta, kitu cha kukaa mezani, chenye uso kama wa televisheni. Mwenyekiti alitaka orodha ipigwe chapa ifanane na za serikali. Kijana alinionyesha anavyoiamuru. Jina la mtu liko mahali pake, la baba yake mahali pake. Ukitaka yatoke pamoja, unaweka kati yao alama ya kujumlisha, ile ile ya hesabu.

"Wengine wangeandika maneno kumi," alisema. "Mimi alama moja, basi."

Niliipenda alama ile. Mtu anayeandika polepole hawezi kuichukia.

Orodha ilibandikwa mlangoni Ijumaa asubuhi. Mbele ya jina la mama paliandikwa 11. Mzee mmoja aliyepata bloku ya tano, ploti ya sita, naye 11. Mjane wa bloku ya nane, ploti ya tatu, pia 11. Kufika saa nne watu walikuwa wanasukumana.

"Mzee, hiyo kumi na moja ni yangu!"

"Yako tangu lini? Wewe hata jembe huna!"

Mwenyekiti akatoka nje. "Mashine haina ndugu wala adui," alisema. "Kama namba zimegongana, kura ilikuwa mbovu. Tutapiga ingine Jumatatu. Wewe msichana, andika vikaratasi vipya."

Nilijua mama hangekipata kijito kile mara ya pili. Ploti zenye maji zilihesabika kwa vidole. Nilikuwa sijawahi kusema mbele ya watu zaidi ya wawili, na nilipofungua mdomo sauti ilitoka nyembamba.

"Siandiki."

"Unasema?"

"Siandiki, Mzee. Kura haina makosa. Mashine imejumlisha. Nne na saba, kumi na moja. Tano na sita, kumi na moja. Nane na tatu..."

Watu wakaanza kuhesabu kwa vidole. Kijana wa ng'ambo akakunja uso.

"Wewe umefika darasa la ngapi?"

"La saba. Kujumlisha tulifundishwa la kwanza."

Wakacheka. Nilitamani kujificha nyuma ya mlango, lakini sikuondoka. Nikamwambia kwamba alama yake ikikuta majina inayaunga, ikikuta namba inazijumlisha, na yeye alikuwa ameweka bloku na ploti kama namba za hesabu. Raha ya kuandika kifupi ilikuwa yake, na shamba lililopotea lilikuwa la mama.

Aliingia ndani, nami nikamfuata. Nilikuwa nimeona kwamba kila mahali pa jina aliweka alama ya dola pembeni, kuiambia mashine kwamba hayo ni maandishi. Penye namba hakuweka.

"Weka na kwenye namba," nilisema. "Hakuna mtu anajumlisha ploti. Hilo ni jina la mahali."

Mzee wa bloku ya tano alikuwa anachungulia dirishani. "Kumbe hata humo ndani dola ndiyo inaamua," alisema.

Kijana akabonyeza, akabonyeza. Jina la mama likatokea, na mbele yake 47. Kijana akanitazama kama aliyeshinda ni yeye.

"Bado," nilisema. "Bloku ya kwanza, ploti ya kumi na mbili, itasomeka 112. Bloku ya kumi na moja, ploti ya pili, pia 112. Weka mstari katikati."

"Wewe ni msumbufu."

"Weka mstari."

Akaweka. Sasa ilibidi aandike alama yake mara mbili, na nadhani hilo lilimuudhi kuliko kicheko cha watu.

Jioni orodha mpya ilibandikwa. Mama alikuwa 4/7, na hakuna aliyefanana naye. Mwenyekiti aliniambia nisirudi kazini, kwamba kampuni haihitaji karani anayejibizana na wakubwa. Sikuomba msamaha. Hata leo siombi.

Jumatatu, saa ambayo kura ya pili ingepigwa, nilikuwa Ainabkoi na mama. Sorveya alisoma karatasi, akapima kwa mnyororo kutoka kwenye kigingi, akatuonyesha mpaka wetu. Mama hakungoja akunje mnyororo wake. Alishuka hadi kijitoni, akanawa uso, akapanda tena na kuanza kulima kutoka pale pale aliposimama.