Kwa Faida Yenu Wenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini, Mudir, mwenyeji aliyetawala mji kwa niaba ya serikali, alinikabidhi mbiu, yaani pembe ya nyati inayogongwa kwa kijiti ili watu wajue pana tangazo, akanipeleka mwenyewe hadi kona ya mtaa wa Kuze. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya arobaini, vita vimepamba moto na bandari imejaa manowari. Alitangaza yeye kwanza, mimi nikimtazama, kisha akanipa sheria ya kazi nzima.

"Taja aliyekutuma, taja jambo, unyamaze," aliniambia. "Ukitia maneno ya kupamba, watu watakuzoea."

Mpiga mbiu husimama kwenye kona, hugonga, kisha hungoja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu mabibi wengi wa Mji wa Kale hawakuwa wakitoka mchana, na lazima uwape nafasi ya kusogea dirishani. Enzi za Mudir niliona mapazia yakisogezwa kila nilipogonga. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na watu waliamini hivyo.

Kisha Mudir akahamishwa, nami nikawekwa chini ya Bwana Afya, Mzungu aliyesimamia usafi wa mji na chakula cha wakati wa vita. Matangazo yake yaliandikwa na karani, na kila moja lilianza kwa maneno yale yale: kwa faida yenu wenyewe. Kwa faida yenu wenyewe, zimeni taa. Kwa faida yenu wenyewe, mchele utapunguzwa, mtakula mahindi ya manjano. Kwa faida yenu wenyewe, fukieni visima. Neno lile lilinichefua mpaka nikawa nalitema badala ya kulitamka. Pale sokoni Marikiti wachuuzi walikuwa wakikuuzia embe bovu "kwa faida yako", na watoto wa mtaa wa Kibokoni wakanibandika jina la Bwana Faida. Hayo ningeyacheka. Ila watu walikuwa wamejifunza kwamba neno lile likisikika, kuna kitu kitachukuliwa, basi kabla sijamaliza kusema walikuwa wamekwisha kuficha walicho nacho.

Ndipo ikaja habari ya unga. Katika bohari moja ya bandarini, sumu ya panya, nyeupe kama unga wenyewe, ilimwagikia magunia ya ngano. Hakuna aliyeona mapema, na magunia yakauzwa mjini. Bwana Afya alitaka unga wote urudishwe siku ile ile. Karani akaniletea tangazo: kwa faida yenu wenyewe, leteni unga wa ngano ofisini. Sumu haikutajwa. Nilimwomba Bwana Afya itajwe.

"Mji utataharuki," alinijibu. "Sema kama ilivyoandikwa."

Nikasema kama ilivyoandikwa, kona ya kwanza tu. Madirisha yalifungwa moja baada ya jingine, na ndani nikasikia magunia yakiburutwa. Kona ya pili nikaacha karatasi nikapaza sauti kwamba unga una sumu, msile. Watu waliokaa barazani wakacheka. Mmoja akaniuliza kama sumu nayo ni kwa faida yao.

Nikaenda mbio kwa Bi Esha, mjane aliyemlea mjukuu wake Maimuna kwa kukaanga mahamri ya kuuza alfajiri. Nilijua ana unga. Mtaa mzima ulijua. Nikapiga hodi, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote, nikamwapia kwa Mungu. Alinisikiliza nyuma ya mlango, hakuufungua.

"Mchele mulichukua, kisima changu mukafukia," alisema kwa upole. "Jana ilikuwa faida, leo ni sumu. Mumebadilisha neno tu, mwanangu. Nenda zako."

Nikarudi ofisini kuomba askari waje wavunje mlango. Nikaambiwa watatumwa kesho.

Jioni ile, kwa kuhofia unga wake usije ukachukuliwa asubuhi, Bi Esha alikaanga mahamri kidogo, akala na mjukuu wake. Kulipokucha wote wawili walikuwa wamefariki. Mazishi yalikuwa baada ya adhuhuri. Majeneza yalipopita Kibokoni, milango ikaanza kufunguliwa, na watu wakatoka na magunia yao na masinia yao ya unga wakayaweka njiani, hakuna aliyewaamrisha. Mimi sikuwa nimegonga mbiu.

Niliendelea na kazi hadi gari la kipaza sauti liliponistaafisha. Vijana huniuliza kama naikumbuka kazi ile kwa fahari. Hapana. Umri wangu wote nilitangaza maneno ya wakubwa, na watu walinitii wakitaka wasitake. Mara moja tu nilikuwa na neno langu mwenyewe la kumwokoa mtu, na siku hiyo sauti yangu ilikuwa imekwisha kuharibiwa.