Mlango wa Nyuma wa Ukumbi

Ufunguo wa ukumbi wa kanisa letu, kule Makadara, huwa kwangu. Kwa hiyo mhadhiri wa chuo kikuu alipotaka kuutumia kila Jumamosi, awafundishe wageni Kiingereza na kuwaandaa kuingia chuoni, alinijia mimi. Nikamtilia shaka papo hapo.

Ulikuwa msimu ule wanasiasa walipokuwa wakipanda juu ya magari na kupaza sauti kwamba wageni wamejaa, warudi kwao. Mpangaji wangu, nyumbani kwangu mtaa wa Tena, ni Mkongo, hushona nguo barazani pangu. Vita vilimtoa kwao akiwa katikati ya masomo ya uuguzi, na hajaacha kumwomba Mungu amjalie kuyamaliza. Mungu ndiye aliyemleta kwangu. Sikutaka apotelee mikononi mwangu.

"Chuo kina majumba mengi," nilimwambia mhadhiri. "Mbona uwakusanye hapa?"

"Mzee, getini wanaulizwa kitambulisho. Wengine wanaogopa hata kukaribia."

Lilikuwa jibu zuri, zuri mno kwangu. Anayetaka kuwakamata wageni, niliwaza, angependa sana kuwakuta wote chumba kimoja. Nilimpa ukumbi, na mpangaji wangu akajiunga na darasa, lakini mlango wa nyuma, unaotokea kwenye kibanda cha mama wa chapati, sikuufunga kwa ufunguo kamwe. Niliweka kiti changu pale, Biblia mapajani, na kila Jumamosi nilimtazama mhadhiri kuliko nilivyozitazama Zaburi.

Siku moja gari jeupe likasimama nje. Wanaume wawili wenye suti wakashuka. Mhadhiri akatoka kuwapokea, akarudishia mlango nyuma yake. Nikasema moyoni, ndio hawa. Nikafungua mlango wa nyuma, nikapunga mkono, na darasa lote likatoka. Mpangaji wangu aliacha sweta kwenye kiti.

Mhadhiri aliporudi alikuta viti vitupu na mimi.

"Mzee, ni wewe uliyewaita hawa watu?"

"Nilitaka kukuuliza wewe."

"Mimi? Wewe ndiye unayekaa pale kila wiki ukikagua nyuso! Nilijua unapeleka habari mahali."

Mmoja wa wale wanaume akachungulia. "Samahani, sisi ni kamati ya harusi. Tumekuja kuona kama ukumbi utatosha. Turudi baadaye?"

Tulicheka, ingawa mhadhiri alikuwa akijifuta macho. Kicheko chetu hakikumrudisha mpangaji wangu.

"Papa, niache nishone," aliniambia jioni ile, akiniita baba kwa desturi ya kwao. "Mtu anasoma vipi na mguu mmoja mlangoni?"

Maneno hayo niliyapeleka kwa mhadhiri yalivyo. "Mimi nina mlango wa nyuma tu," nilimwambia. "Wewe una lango. Waingize kwa lango."

"Ngoja nizungumze na wakubwa."

Wakubwa nimewasikia tangu ujana wangu. Niliomba, lakini sikutazamia kitu. Hata hivyo alirudi na habari: darasa lingehamia chuoni, na kila mwanafunzi angepokewa getini na mhadhiri wake. Nilimbembeleza mpangaji wangu siku kadhaa. Alikubali kwa sharti kwamba nimsindikize.

Nilivaa koti la Jumapili. Wahadhiri walikuwa wamesimama nje ya lango, wakingoja.

"Huyu ni nani?" mlinzi aliuliza.

"Mwanafunzi wetu," yule mhadhiri wa ukumbini akajibu, na mpangaji wangu akapita. Nikafuata.

"Mzee, kitambulisho."

Nikapapasa mifuko. Kilikuwa nyumbani, kwenye koti la kila siku. "Mimi ni wa hapa hapa. Nimezaliwa mtaa wa Ziwani."

"Wote husema hivyo, mzee wangu. Kaa pale kivulini."

Mpangaji wangu aligeuka, akacheka mpaka akajiziba mdomo. "Papa, niwaambie wewe ni wangu?"

"Nenda darasani!"

Nikaketi juu ya jiwe, nikamshukuru Mungu, kisha nikalikazia macho lile lango. Kila gari jeupe lilipopunguza mwendo, nilisimama. Sikuondoka pale mpaka alipotoka.