Sakoshi Tano za Bamama Wakwe

Dada yangu Furaha alikuwa anaolewa, na siku ya mahari siye wa upande wa binti tulipaswa kuwapa zawadi bamama watano wa bwana arusi, yaani mama yake mzazi na mashangazi zake. Hapa Bunia bamama wa familia moja wanavaa kitenge kimoja na kukaa mstari mmoja; ukimpa mmoja kitu kizuri kuliko mwenzake, ndoa inaanza na vita. Furaha akaagiza sakoshi tano, yaani mikoba, za buluu na zinazofanana, kwa Mama Adiru, mfanyabiashara wa Aru, mji wa mpakani, anayeleta bidhaa kutoka Asia. Mimi nikatumwa kuzichukua.

Bunia, alfajiri. Nilipanda lori, juu ya magunia ya maharagwe. Vumbi lilikuwa jingi hata ng'ombe tuliowakuta weupe tuliwaacha wekundu. Shimo moja la barabarani, sidanganyi, lilikuwa na mwangwi.

Mahagi, mchana. Tulikula samaki ambaye kichwa chake peke yake kilihitaji sahani mbili.

Aru, jioni. Mama Adiru alinikaribisha chai, akazipanga sakoshi mkekani. Buluu ilikuwepo, tena nzito kama anga kabla ya mvua. Lakini moja ilikuwa na mizunguko kama konokono, nyingine nyota, ya tatu misalaba midogo; zile mbili za mwisho hata hazikujuana. Nikamwambia kwamba tuliomba zinazofanana.

Akacheka. Akanieleza kwamba ni kazi ya bamama Wahmong, watu wa milimani kule Asia. Wanasokota nyuzi za katani, wanafuma kitambaa, wanachora juu yake kwa nta ya moto, kisha wanakichovya mara nyingi kwenye nili, rangi ya buluu inayotoka kwenye majani. Nta ikiyeyushwa, pale ilipokuwa panabaki peupe. Kila mama anachora kwa mkono wake.

"Weye na Furaha mulitoka tumbo moja," akasema. "Munafanana?"

Nikamjibu kwamba hatufanani, na Furaha anamshukuru Mungu kila asubuhi.

Njiani kurudi. Nilizikumbatia sakoshi hizo kwa jasho na hofu, mpaka nili ikanishika mikono. Kwenye kizuizi askari aliniuliza nimepaka rangi kanisa gani.

Bunia, siku ya mahari. Wakwe walikuwa wameshakaa. Furaha alichungulia ndani ya mfuko, akatafuta kiti.

"Kaka, umeniua."

Hatukuwa na kingine cha kutoa. Akazitandaza mbele ya bamama, akawaomba wachague wenyewe, kuanzia mukubwa. Mama mukubwa alichukua ile ya konokono, akaipapasa, akaiweka kwapani kama mtu anayeficha kuku. Wengine wakafuata, polepole.

Nilipopita na soda ndipo nikasikia. Mama mukubwa alikuwa anamfariji mwenye nyota.

"Usisikitike, mwenzangu. Hata yako iko muzuri kidogo."

Mwenye nyota akaitikia kwa upole, kisha akaninong'oneza niwapelekee wenzake soda ya pili, maskini, kwa sababu ile nzuri ameshaichukua yeye. Kabla wali haujafika, kila mama alikuwa anawahurumia wenzake wanne. Hakuna aliyegombana, maana ugomvi unahitaji mtu anayejiona amepunjwa.

Nilienda Aru nikiamini kwamba amani ya wakwe inatoka kwenye vitu vinavyofanana. Sasa najua kwamba vikifanana, watu wanapima; visipofanana, kila mtu anaamini kizuri amepata yeye. Furaha aliolewa, nami mikono yangu ilibaki buluu hadi Jumapili, kanisani, ambako wale bamama walikuja na sakoshi zao na kukaa mstari mmoja, kila mmoja akiwatazama wengine kwa huruma.