Magunia ya Magunzi

Kabati la vioo lilikwenda kijijini Bonga, likarudi gunia la mahindi. Makochi yalikwenda kwa mwenye duka pale mjini, tukapata sukari na miche ya sabuni, na kwa muda mfupi tukanukia kama watu wenye mali. Redio ikafuata, kisha kitanda cha wageni. Miaka ile ya themanini, ya kukosa kila kitu, ndivyo nyumba zilivyoliwa Babati, na mimi nilikuwa binti mkubwa wa kutosha kuona kinachoondoka.

Baba alipopunguzwa kazini, ikabidi turudishe na nyumba yenyewe, maana ilikuwa ya kazi. Alikuwa ameanza kujenga kule Singe, pembeni mwa mji, vyumba viwili vya miti na udongo. Nyasi za paa zilikuwa tayari, lakini kuta zilikuwa zimekandikwa upande wa mbele tu. Kwingine ungeweza kupitisha mkono kati ya fito ukamsalimia mtu aliye nje.

Mama alikwenda kuiona, akarudi. Baada ya chakula akasema mbele yetu sote, "Baba watoto, nitalala humo siku moja tu, kwa heshima yako. Upepo ukinipiga, kesho yake napanda basi na watoto wangu, nakwenda Mbulu kwa baba yangu."

Mama hakuwa mtu wa kutishia bure. Nilimpenda sana baba, na nilijua hawezi kutufuata huko akaishi ukweni, mwanamume aliyekosa kazi.

Baba naye, katika kuhangaika kwake, akafanya jambo ambalo mama aliliona ndilo baya kuliko yote. Jumapili baada ya sala aliwaambia wanajumuiya kwamba tunahama. Kwetu mtu akihama, wanawake wa jumuiya huja kumbebea, na hakuna anayesubiri kuombwa. Zaidi ya hapo, malori yalikuwa yamelala kwa kukosa dizeli.

"Waje kubeba nini?" mama aliwaka. "Umewaita waje kuukagua umaskini wangu?"

Basi akaokoteza magunia yote yaliyokuwepo, akayajaza magunzi ya mahindi, juu akatandika nguo kuukuu, kisha akashona midomo kwa kamba ya katani. Yakapangwa mlangoni pamoja na sufuria, meza na godoro. Ukituangalia kwa mbali, ungesema wanahama watu wenye ghala.

Asubuhi wanawake wakaja, wengi kuliko mizigo. Wa kwanza kushika gunia alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama mwenye mikono ya kulima. Alijiweka sawa kwa uzito wa mahindi, akavuta, na gunia likaruka juu nusura limwangushe chali. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akalitua polepole, akaguna kwa sauti kubwa: "Jamani, mzigo huu! Hebu nitwisheni."

Wenzake hawakuhitaji maelezo. Njia nzima mpaka Singe waliguna, wakatua na kupumzika, wakapangusa jasho ambalo hawakuwa nalo. Wengine walipokezana gunia moja kama vile litawavunja shingo. Mama alitembea mbele na sufuria zake, mgongo umenyooka, hageuki.

Tulipofika, jirani akatua mzigo wake na kushika kiuno, "Ah, leo nimekoma!" Mabega ya mama yakaanza kutetemeka. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, anacheka na machozi yanamtoka.

"Acheni, wenzangu," akasema. "Ni magunzi."

"Tunajua," jirani akajibu. "Na wewe ungeyabeba hivyo hivyo ya kwangu."

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Halafu wakatazamana, kwa sababu jua lilikuwa bado la asubuhi, mizigo imekwisha, na mbele yao kuna nyumba yenye ukuta mmoja. Jirani alipitisha mkono kati ya fito, akauangalia.

"Sisi tumekuja kwa siku nzima," akasema. "Maji yako wapi?"

Wakafunga khanga viunoni. Baba na mimi tukachota maji, wao wakakanyaga udongo na nyasi, wakakandika ukuta mmoja baada ya mwingine huku wakiimba. Mama alibandika makande, kisha akaacha sufuria akaingia udongoni hadi magotini. Jioni, waliposhiba na kuondoka, hapakuwa na tundu hata moja.

Baba alizunguka nje kwa muda mrefu. Mwishowe akasimama mlangoni, akauliza bila kumtazama mama, "Sasa lile basi la kesho?"

Mama alikuwa anajikwangua udongo kwenye viwiko.

"Ukuta bado mbichi," akasema. "Nitaondokaje nauacha ukikauka ukipasuka, na mtu wa kuuziba hayupo?"

Baba alikaa pale pale kizingitini, akajifunika uso kwa viganja. Mama akampelekea makande.