Nafasi Niliyowaachia Wakubwa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chai hainishuki. Niliteremka bandarini Majunga, kule Madagaska, kutoka kisiwa cha Nosy Be na karatasi saba ndani ya shati, zimefungwa kwa nailoni, na nilikuwa na furaha ya mtu aliyekwisha kushinda. Nakuandikia kwa sababu nimesikia nawe unazungusha karatasi mtaani, unaomba watu watie sahihi. Mimi mjomba wako si msomi, shule niliiacha nikaenda kukwangua kutu melini. Makosa ya herufi utanisamehe. Mengine niliyokosea usinisamehe upesi, soma kwanza.

Ilikuwa ile miaka iliyofuata vifo vya Majunga, wakati sisi wenye asili ya Komoro tulipouawa mchana kweupe, na waliobaki wengi wakasafirishwa kwenda visiwa ambavyo hawakuwahi kuvikanyaga. Tulionusurika tulirudi majumbani kimyakimya. Hatujatulia, mwenyekiti wa mtaa, jina lake Razafy, akaanza kudai vyeti vya kuzaliwa. Mama yako Zaina, dada yangu, alizaliwa Majunga palepale, nyumba ya tatu kutoka msikitini, na mkunga aliyempokea alikuwa hai. Lakini baba yetu hakuwa na karatasi, basi naye hakuandikishwa. Na alikuwa na mimba yako. Asiye na cheti aliandikwa mgeni, na mgeni alipelekwa Komoro, na mtoto wake angezaliwa mgeni vilevile.

Hapo ndipo alipoinuka Bi Tija, mshonaji wa sokoni. Hakuwa wa chama chochote, hakutumwa na mtu, na yeye mwenyewe karatasi zake zote zilikuwa sawa. Hilo ndilo lililowatia watu shaka: huyu anatafuta nini? Alitaka kanuni ibadilishwe tu. Mtu aliyezaliwa Madagaska aandikishwe kwa ushahidi wa mkunga na majirani wawili, asiulizwe karatasi za baba yake. Alikwenda ofisi ya mkoa mara nyingi hata walinzi wakamchoka. Mwishowe afisa mmoja akamwambia alete sahihi za watu kutoka zaidi ya mji mmoja, zisomwe mbele ya mkutano. Majunga akazunguka yeye. Nosy Be akanituma mimi, na mama yako akatia kidole cha kwanza kabla sijapanda boti.

Kule Ambondrona, kijiji cha Nosy Be, niliwaendea wavuvi na wafanyakazi wa hoteli. Tulisema Kimalagasi, maana kwetu Kiswahili kilikuwa kimebaki cha dua na cha biashara. Hiki ninachokuandikia nimekipata hapa Unguja. Mfuaji mmoja wa mashuka alinipa kidole gumba, nikakipaka wino, kikatoa doa tupu.

"Sabuni imekula mistari yote," akacheka. "Waambie wakubwa wako, huyu hata kidole chake hakimjui."

Mwenzake akamdakia, "Tia ulimi basi! Huo haujachakaa."

Walitia vidole wote, wala hawakuniuliza maswali mengi. Waliniangalia usoni, wakaniamini.

Sasa sikia kosa langu. Unajua kwetu mwanamume ambaye hajafanya ndoa kubwa, ile ya kulisha mji mzima, hata akiota mvi ni mtoto. Hatangulii kusema barazani, hakai safu ya mbele. Mimi niliona aibu majina ya wafuaji na wavuvi yakae juu, halafu wakubwa wa Majunga waje kutia yao chini. Kwa hiyo kila karatasi niliacha nafasi juu, upana wa kiganja, haina neno. Barua yenyewe ya Bi Tija ilikuwa karatasi ya peke yake, nimeibandika mbele kwa pini.

Bi Tija alipozitazama alisimamisha cherehani.

"Huku juu umemwekea nani?"

"Wakubwa, Bi Tija. Watatia sahihi zao."

"Nilikwambia kila karatasi uandike juu tunaomba nini."

"Watakasirika wakijikuta chini."

"Wakasirike! Kaa hapa uandike sasa hivi, mbele yangu."

Nikasema ndiyo, nitaandika nyumbani. Mwandiko wangu wa polepole ulinitia aibu, nawe unajua kijana akiona aibu. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Mahamudu Sufu, mwenye duka la vitambaa, mkubwa wa wakubwa wetu, aliyefanya ndoa kubwa mbili.

Akazipokea kwa mikono miwili. Akaona ile nafasi, akatabasamu. "Umelelewa wewe. Vijana wa siku hizi wangetuweka hata chini ya wabeba mizigo." Kisha akaniambia, "Niachie mpaka baada ya sala ya Ijumaa, wenzangu nao watie."

Nikamwachia.

Ijumaa ikapita, dukani naambiwa ametoka. Jumamosi ametoka. Jumapili nilimkuta, akaniambia ameshazipeleka ofisini mwenyewe, kwa heshima ya jambo. Sikumwambia Bi Tija. Asubuhi ya mkutano nikaenda nikakaa nyuma.

Ukumbi ulijaa. Bi Tija alivaa nguo yake ya Idi. Razafy akasimama na zile karatasi saba, akasoma maneno yaliyopigwa chapa juu, palepale nilipopaacha: "Sisi tuliotia sahihi hapa chini tunakiri kuwa ni wageni katika nchi hii, na tunaomba serikali iturudishe kwetu kwa heshima."

Ile barua ya mbele haikuwepo. Tundu za pini tu. Na karatasi za Majunga alizoshika Bi Tija, za mji mmoja tu, hazikutosha tena.

"Hiyo si barua yangu!" Bi Tija akapaza sauti. "Barua yangu iko wapi?"

"Mama, vidole hivi si vyao?" Razafy akauliza, na watu wake wakacheka.

Mama yako akainuka, mkono tumboni. "Mimi nilitia kidole niandikwe. Sikutia niondolewe."

"Basi hukujua ulichotia," Razafy akamjibu. "Mgeni huwa haelewi." Na Zaina alikuwa akisema Kimalagasi kizuri kuliko chake.

Mahamudu alikuwa safu ya mbele, anatazama sakafu. Wanawe wote wawili walipata vyeti mwezi uleule. Wapo wanaosema marehemu asitajwe kwa ubaya. Mimi nawataja: Razafy alipiga chapa, Mahamudu Sufu alimpelekea karatasi, na mimi nilimwachia mahali pa kuandika.

Mama yako alipandishwa ndege uwanja wa Amborovy akiwa na fungu moja la nguo. Ulizaliwa Komoro wiki chache baadaye, kwa watu waliomwita Mmalagasi. Mpaka anakufa, akisema "nyumbani" alikuwa na maana ya Majunga.

Bi Tija hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliniambia, "Wale wa Ambondrona walikuamini wewe kwa vidole vyao. Wewe ukaenda kumwamini mtu ambaye hajaweka hata nukta." Kisha akachukua karatasi mpya, akaanza tena kutoka jina la kwanza, lake. Nasikia kanuni hawakuibadilisha katika uhai wake.

Kwa hiyo, mwanangu, andika ombi lako juu ya kila karatasi kabla ya kumwomba mtu yeyote mkono wake. Msomee. Asiyejua kusoma msomee mara mbili. Mkubwa akija nyuma, atie nyuma, na akinuna mwache anune. Heshima yake usimlipie kwa majina ya watu. Wala karatasi zisilale nyumba ambayo mwenyewe hajatia sahihi. Ukiona aibu, kumbuka kwamba mimi niliiona siku moja, na wewe ukazaliwa bila nchi.

Mungu akupe sauti isiyokatika mbele ya wenye meza, awalinde wote waliokupa majina yao, na ombi lako lifike kama ulivyoliandika. Nenda, nimekuridhia.